Edmond Morel, karani aliyesoma siri ya Leopold katika vitabu vya meli



Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya wamisionari walioleta Injili kando ya mto wetu. Mtu wa leo hakuwa mmisionari. Hakuhubiri, hakubatiza, na hakukanyaga udongo wa Kongo hata siku moja. Alikuwa karani wa kampuni ya meli, kazi yake hesabu. Lakini wazee wetu waliokatwa mikono juu ya mpira walipata kwake msemaji ambaye mfalme wa Wabelgiji alimwogopa kuliko maaskofu na mabalozi. Nilipokuwa shule ya teolojia, mwalimu wetu wa historia ya Kanisa alimtaja katika somo moja, akapita. Mimi sikuweza kupita. Nimemsoma kwa miaka, na nitawaambia pia mahali alipoanguka, maana alianguka vibaya, na walioumizwa ni sisi watu weusi.

Edmond Dene Morel alizaliwa Paris tarehe 10 Julai 1873, baba Mfaransa, mama Mwingereza. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka minne tu. Mama alimpeleka kusoma Uingereza, lakini pesa zilikuwa chache na afya ya mama ikaharibika, kijana akaacha shule akiwa na miaka 15 ili afanye kazi katika benki. Mwaka 1891 alipata nafasi ya ukarani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, mjini Liverpool. Mshahara ulikuwa mdogo, basi usiku aliandika makala za magazeti kuhusu biashara ya Afrika ya Magharibi ili apate nyongeza. Mwaka 1896 alimwoa Mary Richardson, wakapata watoto watano. Katika makala zake za kwanza alikuwa mtu wa wafanyabiashara kabisa, na hata Kongo ya Leopold aliitazamia mema.

Elder Dempster ndiyo iliyokuwa na mkataba wa kubeba mizigo yote kati ya Antwerp na Boma. Kwa kuwa Morel alijua Kifaransa, wakubwa wake walimtuma mara kwa mara Ubelgiji kusimamia meli zinapopakia na kupakua. Hapo ndipo jambo lilipoanza.

Wapendwa, hakuna aliyemletea habari. Hakuona maiti wala mkono uliokatwa. Aliona karatasi. Meli zilipofika kutoka Boma zilijaa mpira na pembe za ndovu. Meli zilipoondoka kurudi Kongo, alitafuta katika orodha za mizigo vitambaa, shaba, chumvi, visu, shanga, vitu ambavyo mfanyabiashara huwapelekea watu ili wamuuzie mali yao. Hakuviona, au aliviona vichache mno. Alichokiona ni bunduki, masanduku ya risasi, na vyakula vya maofisa. Kisha akalinganisha hesabu za meli na takwimu ambazo Leta, kama mababu wetu walivyoita État ya Leopold, ilizitangaza kwa dunia. Hazikukubaliana. Mpira na pembe vilivyoshuka gatini vilikuwa vingi kuliko vilivyoandikwa, na tofauti ilikuwa mamilioni ya franka.

Karani huyo akajiuliza swali ambalo hata mama wa sokoni angejiuliza: kama hawalipwi, kwa nini wanatoa? Mtu hawezi kuacha shamba lake, aingie msituni siku nyingi kutafuta utomvu wa mpira, halafu autoe bure. Jibu lilikuwa ndani ya yale masanduku ya risasi.

Kuna siku aliyoikumbuka maisha yake yote. Aliingia katika ofisi ya Leta ya Kongo mjini Brussels, akamkuta mkubwa wa serikali amewaka hasira. Kosa lilikuwa nini? Habari za meli moja iliyobeba shehena kubwa ya risasi zilikuwa zimetoka gazetini. Mkubwa hakusema kwamba habari ni za uongo. Alichokasirikia ni kwamba zimetoka. Morel alimtazama usoni, na akatoka akiwa na hakika.

Tukumbuke Leta ile ilivyojengwa. Mwaka 1885, mjini Berlin, Leopold aliahidi mataifa makubwa kwamba Kongo itakuwa nchi ya biashara huru. Tarehe 21 Septemba 1891 akatia sahihi amri ya kuwaagiza makomiseri wake wa Aruwimi-Uele na Ubangi wahakikishe pembe na mpira vinakuwa mali ya Leta. Amri hiyo haikuchapishwa katika gazeti rasmi. Mwaka 1896 alijikatia eneo kubwa upande wa ziwa Mai-Ndombe kuwa shamba lake mwenyewe, na hilo nalo lilifichwa kwa miaka. Basi, sheria ya wazi ilisema hivi, na amri ya chini ya meza ilisema vingine, na wananchi waliuawa kwa ile ya chini ya meza. (Sisi tunaoishi leo juu ya kobalti na koltani tunajua maana ya mkataba ambao mwananchi hauoni. Amri ya Mei 2011 inataka mikataba ya madini, misitu na mafuta itangazwe. Aliyejaribu kuitafuta anajua kama imetangazwa yote.)

Morel alikwenda kwa mkuu wa kampuni, Alfred Jones, ambaye alikuwa pia konsuli wa heshima wa Leta ya Kongo mjini Liverpool. Jones aliahidi kuongea na mfalme. Hakuna kilichobadilika, ila karani akaanza kuonekana kama jiwe kiatuni. Akapewa nafasi ya kwenda kufanya kazi nchi nyingine kwa mshahara mkubwa zaidi. Akakataa. Mwaka 1901 aliacha kazi, akiwa na miaka 28, mke, watoto wadogo, bila akiba. Wachungaji wenzangu, mara nyingi tunahubiri juu ya kujitoa. Huyu alijitoa na hakuna kanisa lililomwahidi mshahara.

Mwaka 1903 alianzisha gazeti lake, West African Mail, kwa msaada wa mfanyabiashara John Holt. Na hapo ndipo wamisionari wetu wanapoingia. Kabla yake wengine walikuwa wamekwisha kusema. Sjöblom, Msweden wa misioni ya Wabatisti huko Equateur, alilia tangu miaka ya 1890. Kule Luebo, Mmarekani mweusi William Sheppard na mwenzake Morrison wa misioni ya Wapresbiteri waliandika waliyoyaona. Lakini kilio kimoja kimoja kilizimwa. Misioni nyingi zilinyamaza, na tuseme ukweli, zilinyamaza kwa sababu Leta ndiyo iliyotoa ruhusa ya viwanja vya kujenga vituo. Morel aliwapa mahali pa kupeleka barua. Barua zikaanza kuja: tarehe, kijiji, jina la ofisa, idadi ya waliouawa. Alice Harris, mke wa mmisionari wa Baringa, alileta picha. Ile ya mwaka 1904 mmeiona wengi: baba anaitwa Nsala, ameketi barazani, mbele yake mkono na mguu wa binti yake, vyote vilivyobaki baada ya askari wa kampuni ya mpira kupita. Picha hiyo ilioneshwa katika makanisa ya Uingereza na Marekani kwa taa ya kumulika ukutani, na watu walitoka wakilia.

Mwezi Mei 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha azimio juu ya Kongo. Konsuli wa Uingereza huko Boma, Roger Casement, akaagizwa kupanda mto na kuchunguza. Alirudi na ripoti nzito. Serikali yake yenyewe iliishika ripoti hiyo kama mtu anayeshika kaa la moto. Ilipochapishwa mapema mwaka 1904, majina ya watu na vijiji yalikuwa yamefutwa, mahali pake zimewekwa herufi. Mashahidi waliojitaja wakawa hawana majina, na mfalme akapata nafasi ya kusema ni hadithi. Casement alikasirika mno. Morel naye alijifunza hapo kwamba ugonjwa wa kuficha hauko Brussels peke yake.

Wawili hao wakawa ndugu. Tarehe 23 Machi 1904 chama cha kudai mageuzi ya Kongo kilianzishwa Liverpool, Morel akawa katibu wake, na pauni 100 za kwanza zilitoka mfukoni mwa Casement.

Naomba nisimame kidogo kwa mtu ambaye vitabu vingi vinamsahau. Hezekiah Andrew Shanu alikuwa Mwafrika aliyetoka pwani ya Lagos, akafika Boma mwaka 1884, akafanya kazi ya Leta, kisha akawa mfanyabiashara na mpiga picha mwenye heshima. Alipofahamu ukweli, alimpelekea Morel kwa siri karatasi za kesi za maofisa. Mkuu wa polisi wa Boma alijifanya rafiki yake, akamnasa. Leta ikawakataza wafanyakazi wake wasinunue kwake tena. Biashara ikafa. Mwezi Julai 1905 Shanu alijiua. Morel alirudi kila jioni nyumbani kwake Uingereza salama. Shanu aliishi mtaa mmoja na wale aliowashitaki.

Leopold, kwa kusongwa, aliunda tume ya mahakimu watatu aliowachagua mwenyewe, akitumaini watamsafisha. Haikuwa hivyo. Mbele yao chifu Lontulu wa Bolima aliweka vijiti 110 mezani, kila kijiti mtu wake mmoja aliyeuawa juu ya mpira, akavitaja. Ripoti ya tume ilitoka Novemba 1905 na ilimhukumu mfalme katika mambo makubwa. Lakini maneno yenyewe ya mashahidi, mamia ya Wakongomani waliosimama na kusema, hayakuchapishwa. Yalifungiwa katika ghala la nyaraka Brussels, na watafiti hawakuruhusiwa kuyasoma mpaka miaka ya 1980. Babu yangu alizaliwa na kufa yakiwa yamefungwa.

Kitabu cha Morel kuhusu mpira mwekundu kwa damu kilitoka mwaka 1906. Alikwenda Marekani, akaonana na Rais Theodore Roosevelt. Aliandika barua maelfu, mara nyingi usiku mzima. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa taifa la Ubelgiji. Kabla ya kukabidhi, mwezi Agosti, majiko ya ofisi zake Brussels yaliwaka siku nane, yakichoma nyaraka za Leta. Mfalme alikufa Desemba 1909.

Tusimpambe Morel kupita kiasi. Yeye hakudai kwamba Wakongomani wajitawale. Alidai ardhi yao na mazao ya ardhi yao yarudi kwao, wauze kwa yeyote wampendaye. Kwa wakati ule hilo lilikuwa kubwa. Lakini kazi ya lazima tuliendelea kuijua chini ya Wabelgiji, na mababu zetu wanaweza kushuhudia.

Baada ya 1908 alitaka Uingereza isitambue utawala wa Ubelgiji mpaka mambo yabadilike kwa kweli. Utambuzi ulicheleweshwa mpaka 1913, lakini waziri wa mambo ya nje, Edward Grey, hakutaka kuisukuma Ubelgiji sana. Morel aliuliza kwa nini. Alipochimba, alikuta sababu haikuwa Kongo hata kidogo. Uingereza ilikuwa imeshikamana na Ufaransa dhidi ya Ujerumani, na haikutaka kuwaudhi majirani. Damu ya Baringa ilikuwa inapimwa katika mizani ambayo wabunge wenyewe hawakuonyeshwa.

Hapo karani akarudia kazi yake ya zamani: kulinganisha karatasi ya wazi na karatasi ya siri. Mwaka 1904 Uingereza na Ufaransa zilitangaza mapatano juu ya Moroko, wakisema hali ya nchi hiyo haitaguswa. Pamoja na mapatano hayo kulikuwa na vifungu vya siri vilivyotazamia Moroko kugawanywa kati ya Ufaransa na Hispania. Vifungu hivyo vilifichuka Novemba 1911 tu, baada ya Ulaya kukaribia kupigana juu ya Moroko. Ili kutuliza ugomvi, Ufaransa iliipa Ujerumani sehemu ya Kongo yake, ng'ambo ya mto wetu. Waliokaa humo hawakuulizwa, walibadilishwa bwana kama mbuzi. Mwaka 1912 Morel aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, na serikali ya Uingereza haikumpenda tena.

Tarehe 3 Agosti 1914 Grey alisimama bungeni na kueleza, kwa mara ya kwanza, kwamba tangu 1906 majenerali wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wakipanga pamoja. Hata mawaziri wengi walikuwa wamefichwa hilo kwa miaka. Siku iliyofuata vita ikaanza. Morel, pamoja na Charles Trevelyan aliyejiuzulu serikalini, Ramsay MacDonald, Arthur Ponsonby na wengine, walianzisha umoja wa kudai kwamba wananchi na wabunge wao wasimamie siasa ya nje. Madai yao yalikuwa mepesi kueleza: nchi isihamishwe chini ya bendera nyingine bila ridhaa ya wakaaji wake, mkataba usifungwe bila bunge kujua. Kwa hayo waliitwa wasaliti. Mikutano yao ilivunjwa, magazeti yalimwandika Morel kuwa wakala wa Wajerumani, na chama cha Liberali kilichokuwa kimemchagua agombee kiti cha Birkenhead kikaachana naye.

Wako waliosema, na bado wanasema, kwamba katika vita hiyo aliwahurumia mno Wajerumani. Mimi nadhani wana haki kidogo. Mtu aliyezoea kufichua uongo wa serikali yake mwenyewe huweza kuwa mpole mno kwa uongo wa serikali nyingine. Ubelgiji iliyovamiwa mwaka 1914 haikuwa Leopold, ilikuwa wakulima na mama zao.

Mwaka 1916 Casement, ambaye alikuwa amejiunga na wapigania uhuru wa Ireland, alinyongwa London kwa uhaini. Morel hakwenda kumwona gerezani. Alihofu kuuharibia umoja wake. Nafikiri alilibeba hilo moyoni.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yake. Serikali ilimpata na kosa dogo: alijaribu kupeleka maandishi yake, yaliyokwisha kuchapishwa wazi Uingereza, kwa mwandishi Romain Rolland huko Uswisi, kinyume cha sheria za wakati wa vita. Tarehe 4 Septemba 1917 alihukumiwa miezi sita, akapelekwa gereza la Pentonville. Alikaa katika baridi na chakula kibovu, kati ya wezi na wabakaji. Alipotoka mapema 1918, nywele zake zilikuwa nyeupe na moyo wake umechoka. Alikuwa na miaka 44.

Sasa nifike mahali nilipoahidi. Mwaka 1920 Ufaransa iliweka askari wa makoloni yake, Wasenegali, Wamoroko, Wamalagasi na wengine, katika bonde la Rhine huko Ujerumani. Morel alitaka kuushambulia mkataba wa amani ambao aliona ni wa kisasi. Alichagua silaha gani? Aliandika kwamba watu weusi wana tamaa ya mwili isiyozuilika na kwamba wanawake weupe wako hatarini. Aliandika gazetini, kisha kijitabu kilichochapishwa tena na tena na kutafsiriwa. Wachunguzi waliokwenda huko waliona madai hayo yametiwa chumvi vibaya. Claude McKay, mshairi mweusi kutoka Jamaika aliyekuwa London, aliandika kupinga. Gazeti lililochapisha makala ya Morel lilikataa barua yake, Sylvia Pankhurst akaichapisha katika lake.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilifunga kitabu. Mtu aliyemlilia binti wa Nsala! Mwaka huohuo 1920 alitoa kitabu kingine cha kutetea Waafrika na ardhi yao. Vitabu viwili kutoka kalamu moja. Wengine husema ni wakati wake, kila mtu aliwaza hivyo. Si kweli, McKay hakuwaza hivyo, na alimwambia. Mimi naona kwamba Morel alimpenda Mwafrika aliye kijijini mwake, anayeteswa, anayehitaji msemaji. Mwafrika mwenye bunduki na sare, anayetembea katika mji wa Ulaya, hakumjua wala hakumtaka. Na maneno yana miguu. Mwaka 1937 serikali ya Hitler iliwakusanya watoto waliozaliwa na askari hao kwa mama Wajerumani, wapata 400, ikawahasi. Morel alikuwa amekufa miaka 13, lakini sumu iliyotumika alikuwa amesaidia kuichemsha.

Novemba 1922 aligombea ubunge Dundee, Scotland, kwa chama cha Labour. Kati ya walioshindwa siku hiyo alikuwemo Winston Churchill, ambaye alikuwa waziri. Mwaka 1924 chama chake kiliunda serikali kwa mara ya kwanza, na wengi walidhani Morel atapewa mambo ya nje. Rafiki yake wa zamani, MacDonald, aliichukua wizara hiyo mwenyewe. Ilimwuma. Lakini Aprili mwaka huo Ponsonby, sasa naibu katika wizara hiyohiyo, alitangaza bungeni kwamba kuanzia hapo kila mkataba utawekwa mbele ya wabunge siku 21 kabla ya kuthibitishwa. Serikali iliyofuata iliiacha kanuni hiyo, ikarudishwa mwaka 1929, na mwaka 2010 ikaandikwa kuwa sheria.

Tarehe 12 Novemba 1924 Morel alikuwa akitembea msituni huko Devon. Alichoka, akaketi akiegemea mti, na hapo moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 51. Barua zake, pamoja na zile alizoandikiwa na wamisionari wa Kongo, zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kimoja cha London, na mtafiti akiziomba, hupewa azisome.